MAZUNGUMZO NA KARANI: Mashua Niliyojiundia



Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya mashua. Najua wengi wenu mwakaa mbali na maji, nanyi mtasema, "Mashua yatuhusu nini sisi wa nchi kavu?" Subirini kidogo. Kila mtu aliyejenga nyumba kwa mikono yake, au aliyetengeneza kitanda cha mtoto wake, ataona kwamba habari hii ni yake pia.

Mimi ni karani wa parokia, wala si fundi. Kazi yangu ni kuandika katika madaftari: waliozaliwa, waliooana, waliokufa. Zamani nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu, tulifundishwa kidogo kazi za mikono, nami niliondoka huko na kiti kimoja chenye miguu isiyolingana, pamoja na kiburi kikubwa kuliko kiti chenyewe.

Kijiji chetu kiko ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Mama yangu mzazi akaa ng'ambo ya ghuba. Asubuhi, mbingu zikiwa safi, naona kabisa miembe ya nyumbani kwake. Kwa kasia ni mwendo wa saa moja na nusu, maji yakiwa matulivu. Kwa njia ya kuzunguka ni mchana kutwa, mabasi mawili na miguu juu yake. Mama amekuwa mzee, naye kila mara hunitumia neno lile lile: "Wajukuu wangu nawasikia kwa jina tu." Basi nikaamua kuunda mashua yangu mwenyewe.

Nilimwendea mzee mmoja, fundi wa mitumbwi hapa kwetu. Sikumwomba aniundie, maana sikuwa na fedha, nilimwomba anionyeshe. Alinitazama mikono, akacheka, akasema, "Karani, ukikosea kwa kalamu wafuta. Huku hakuna kifutio."

Alinishauri nisithubutu kuanza na mashua yenye mkuku na mataruma yaliyopindwa, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mtu aliyekulia humo. Nianze na mashua ya tako bapa, ambayo hata mtu wa kalamu aweza kuimaliza. Tukakubaliana vipimo: urefu mita 4 na nusu, upana wa tako mita 1, na ubavu sentimeta 45 kutoka chini hata juu.

Kabla ya kushika msumeno nilifanya hesabu, nami nawasihi nanyi mfanye hivyo. Si ngumu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kitu kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake chenyewe. Archimedes, mtaalamu wa Wagiriki, alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, nalo halijabadilika. Sasa tazama. Sanduku lenye urefu wa mita 4 na nusu na upana wa mita 1, likizama sentimeta 10, limesukuma lita 450. Lakini mashua si sanduku. Mbele imechongoka, na nyuma imepungua. Toa theluthi moja, zabaki kilo 300. Maana yake, kila kilo 30 utakazoweka zitaizamisha mashua hiyo sentimeta moja.

Mashua yenyewe, kwa kukadiria mbao zake, ilikuwa kilo 130. Watu wazima wanne wa kilo 60 kila mmoja ni kilo 240. Jumla ni kilo 370, yaani itazama sentimeta 12 na kitu, na ubavu utabaki sentimeta 32 juu ya maji. Vema. Lakini wapandishe watu kumi. Jumla ni kilo 730. Ubavu unaobaki haupati sentimeta 21, na wimbi la mchana wa ziwa letu haliombi ruhusa kuruka kizuizi cha namna hiyo. Zaidi ya hayo, mmoja akiinama kunawa mikono, wote wameinama naye. Kwa hiyo, kabla sijakata hata ubao mmoja, nilijua kwamba ninaunda mashua ya watu wanne na watoto wao wadogo, basi.

Nilinunua mbao mbili kila mshahara. Nilizipanga kivulini nyuma ya nyumba, vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, wala sikuziacha juani. Ubao mbichi ukipigiliwa leo, kesho hujikunja na kung'oa misumari yake. Misumari nilinunua ile iliyopakwa zinki, kwa kuwa msumari mtupu huliwa na kutu ndani ya mbao mahali usipopaona. Kila jioni baada ya kufunga ofisi, na Jumamosi kutwa, nilikuwa chini ya mwembe na randa yangu. Watu wakipita walisalimu na kuuliza, "Karani, safina itakuwa tayari kabla ya mvua?" Nami nilicheka nao, ingawa moyoni nilichoka.

Miezi mitano ilipopita nilikaribia kuacha. Siku hizo nilimsimulia mke wangu habari niliyopata kuisoma, ya nahodha mmoja jina lake Joshua Slocum. Bwana huyu alikuwa na meli yake ya biashara. Mwishoni mwa mwaka 1887 meli hiyo ilipanda mchangani huko Brazili, katika ghuba ya Paranaguá, ikavunjika. Alikuwa pamoja na mkewe Hettie na wana wawili, Victor aliyekuwa kijana, na Garfield mdogo. Kwao ni Marekani, mbali sana. Je, walikaa wakilia? La. Walikata miti ya nchi ile, wakaokota vitu vya chuma na shaba vya meli iliyovunjika, wakaunda mashua yao wenyewe ya futi 35, yaani kama mita 10 na nusu. Sarafu za shaba walizikata na kuzitoboa, wakazitumia kukazia misumari. Hettie alishona matanga. Mashua ilishushwa majini tarehe 13 Mei 1888, siku ile ile watumwa wa Brazili walipopewa uhuru, nao wakaipa jina Liberdade, yaani Uhuru. Mwaka huo huo iliwafikisha wote wanne salama Marekani, baada ya siku 55 za kusafiri baharini.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yule mama alishona matanga. Mimi umenipa kazi gani? Kupika uji na kungoja?" Lo! Nilinyamaza, maana alisema kweli. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyesokota pamba ya kuzibia maungio. Twaiita kazi hiyo kutia kalafati. Ungio la mbao huachwa wazi kidogo kwa nje, na kubana kabisa kwa ndani. Pamba husokotwa, huchovywa mafuta, kisha husukumwa humo kwa patasi butu. Isigongwe mno, ubao ukinywa maji huvimba, na pamba iliyobanwa kupita kiasi huweza kuusukuma ubao nje ya mahali pake. Mke wangu alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Mzee alipokuja kutazama, maungio ya mama alipita bila kusema neno. Yangu aliyachokoa na kuyarudisha mara tatu.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini nimeahidi kuwasimulia.

Ubao wa chini kabisa wa ubavu wa kushoto, ule unaokutana na tako, nilipigilia jioni moja giza likianza. Mzee alikuwa amenifundisha nitoboe kwanza kwa keekee, tundu jembamba kuliko msumari, ndipo nipigilie. Tena nigonge ncha ya msumari kidogo ili iwe butu, maana ncha kali hupasua nyuzi za mti. Jioni ile nilikuwa na haraka. Nilipiga msumari bila kutoboa. Nikasikia sauti ndogo tu, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti. Ubao ulipasuka urefu wa shubiri.

Hapakuwa na ubao mwingine. Mshahara ulikuwa umekwisha. Siku ya kushusha mashua tulikwisha itangaza kwa majirani. Basi nikachanganya unga wa msumeno na gundi, nikajaza ufa, nikausugua ukalingana. Kesho yake mke wangu alipofika mahali pale na pamba yake, nilimwambia, "Hapo nimekwisha pamaliza mimi." Kisha nikapaka rangi ya buluu mashua nzima. Ilipendeza. Hakuna jicho ambalo lingeuona ule ufa.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe tulikaa jikoni. Watoto hawakutaka kulala. Mke wangu alikuwa akipanga safari: nani apige kasia, mzigo wa mama uwekwe wapi, watoto wakae wapi. Akasema, "Mkubwa akae kushoto karibu nami." Kabla sijafikiri, mdomo wangu ukajibu, "La, watoto wote wakae kulia."

Akauliza, "Kwa nini kulia?"

Sikuwa na jibu. Akanitazama kwa taa ya jikoni, nami nikatazama chini.

Wasomaji, nimewaambia kazi yangu ni kuandika. Katika daftari la waliokufa, mimi mwenyewe nimeandika majina ya watu waliozama. Mara moja niliandika ndugu wawili wa tumbo moja, tarehe moja, mstari chini ya mstari. Usiku ule niliuona ukurasa huo kama umefunguliwa mbele yangu. Nami nilikuwa tayari kuwakalisha wanangu upande wa kulia, kana kwamba maji yakiingia upande wa kushoto hayatafika kulia!

Nilimweleza mke wangu yote: haraka yangu, ufa, gundi, na neno nililomdanganya. Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani atanikemea, nami nilistahili. Hatimaye akasema, "Baba watoto, kesho watu watakuja. Tutawapa uji wao, tutawaambia mashua bado. Uji hauharibiki kwa aibu."

Ndivyo tulivyofanya. Majirani walikuja, wakanywa uji, wakacheka sana. Mmoja alisema nimeunda kabati la buluu. Mwingine akataka kuweka mayai ya kuku ndani yake. Mzee peke yake hakucheka. Alichukua nyundo ndogo, akagonga ubavu kutoka mbele kwenda nyuma. Ubao mzima ulilia wazi. Alipofika penye ufa, sauti ikawa nzito. Hata nisingemwonyesha, angepajua. Akasema, "Karani, hii gundi yako ingekaa juma moja. Ubao ungenywa maji, ungevimba, ufa ungejifungua wenyewe, nawe uko katikati ya ghuba."

Kuung'oa ubao ule kulikuwa kazi ngumu kuliko kuupigilia. Niliuza redio yangu nikanunua mwingine. Majuma matatu yalipita. Safari hii nilitoboa kila tundu kwa keekee, mke wangu akishika taa.

Kisha tuliijaribu mashua kwanza kwenye nchi kavu. Jambo hili nawashauri wote waundao chombo, hata pipa la maji. Tuliiweka juu ya magogo, tukamimina maji ndani mpaka nusu ya ubavu, tukazunguka na chaki kutia alama kila mahali palipotoa chozi. Alama zilikuwa tisa. Tatu zilikuwa za maungio yangu mengine, wala hakuna hata moja ya mke wangu. Zilizobaki zilikuwa za misumari. Tukayamwaga maji, tukaiacha ikauke, tukaziba. Baadaye tuliizamisha kando ya ziwa kwa siku mbili, mawe ndani yake, ili mbao zivimbe na kubana. Tulipoiinua na kuikausha, kutwa nzima juu ya maji iliingiza nusu kopo tu. Siku ya tatu, hata tone.

Chini ya viti nilifunga madumu manne ya lita 20, matupu, vifuniko vimekazwa barabara. Kila dumu likizamishwa lainua karibu kilo 20. Mashua ya mbao ikijaa maji haizami kama jiwe, na madumu hayo huisaidia kubaki juu. Mtu aliye ndani ya maji hadi shingoni hahitaji nguvu nyingi za kumwinua. Kilo chache zatosha akiwa amekishika chombo. Kwa hiyo watoto wangu wamefundishwa: mashua ikijaa, ishikeni, msiiache kuogelea kwenda pwani, hata kama pwani yaonekana karibu. Pamoja na hayo kila mtu huvaa jaketi la kuokolea. Dumu si badala ya jaketi.

Mwisho nilipiga mstari mweupe ubavuni, kuonyesha mahali ambapo maji hayaruhusiwi kupanda. Wazo hilo si langu. Katika meli kubwa mstari wa namna hiyo ulilazimishwa na sheria huko Uingereza mwaka 1876, kwa juhudi za mbunge Samuel Plimsoll, aliyeona mabaharia wakifa katika meli zilizojazwa kupita kiasi kwa tamaa ya wenye mali. Mstari huu umeniletea lawama. Juzi jirani mmoja alitaka nimvushie magunia manane ya mahindi na watu wanne juu yake. Nilimwonyesha mstari. Akakasirika, akasema makarani tuna mambo mengi. Na aseme. Sisi wa ziwa hili hatujasahau tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati ya Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua abiria 101. Waliofariki peke yao walikuwa 228. Ikiwa chombo kikubwa cha chuma hakikustahimili, sembuse mashua ya karani?

Tena, msomaji, ukiunda chombo chako, usianze kuvusha watu kwa nauli mpaka kimekaguliwa na kuandikishwa. Ukiwa Tanzania, uliza katika ofisi ya TASAC, wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini. Ukitaka kuvua, mwendee pia afisa wa uvuvi. Jicho la mtu mwingine ni kama nyundo ya mzee wangu: lasikia mahali ambapo wewe umekwisha jizoeza kutosikia.

Tulivuka alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mke wangu alikaa kushoto na mtoto mkubwa, mimi nikipiga kasia, wadogo katikati. Nakiri kwamba safari nzima macho yangu yalikuwa kwenye ubao ule, si kwenye miembe ya mama. Ulibaki mkavu.

Mama alikuwa amesimama majini hadi magotini akitungoja. Aliwapokea wajukuu mmoja mmoja, akawaita kwa majina yao yote, hakukosea hata moja. Kisha akaizunguka mashua na kuipapasa kama mtu anunuaye ng'ombe. Alipofika upande wa kushoto akasimama. Rangi niliyonunua mara ya pili haikufanana na ya kwanza. Ubao ule ni wa buluu nyingine, hata kipofu wa mbali angeona. Akauliza, "Mwanangu, na hapa palikuwaje?"

Nilimweleza. Mpaka leo sijaupaka upya ubao ule, wala sitaupaka. Kila anayeuliza namweleza, na sasa nimewaeleza ninyi.

Nawe msomaji uliye mbali na ziwa, kama kuna mahali ulipojaza gundi na kupaka rangi, katika paa, katika ukuta wa kisima, katika breki za baiskeli unayompakilia mtoto, tazama usiku huu wewe wamkalisha nani upande gani. Kisha tafuta ubao mwingine.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi mbao na kamba wakati wa mvua. Msalimieni mama na watoto.

Ni mimi wenu,
Karani